MAFUNDISHO YA MITAMBO: WINCHI YA UMEME AU WINCHI YA HAIDROLIKI?

Wazee wetu husema, "Mchagua jembe si mkulima." Neno hili ni la kweli kwa mtu mvivu, ambaye kila siku huulaumu mpini ili asiende shambani. Lakini mtu anunuaye jembe kwa fedha za watu wote hana budi kuchagua, tena kuchagua kwa akili; maana akikosea yeye, wengi ndio watakaolala njaa. Basi somo la leo lawahusu wale waliokabidhiwa fedha za wenzao: wazee wa vijiji, walimu wakuu, wajumbe wa kamati za zahanati, na kila mtu ambaye neno lake husikilizwa baraza likaapo kushauriana juu ya motokaa ya pamoja.

Masika yakianza, motokaa za mashambani hukwama. Watu husukuma, hukata matawi, hupaka tope mpaka nywele, na baadaye baraza hukaa. Mmoja husimama na kusema, "Tununue winchi." Wote huitikia. Lakini wafikapo dukani, muuzaji huwauliza, "Mwataka ya umeme au ya haidroliki?" Hapo hutazamana, na mara nyingi hununua ile iliyo rahisi, au ile iliyo kubwa kwa macho. Nia ya somo hili ni kumwezesha msomaji kumjibu muuzaji huyo, na zaidi ya hayo, kuijibu nafsi yake mwenyewe siku atakapokuwa katikati ya tope.

1. WINCHI NI KITU GANI

Winchi ni ngoma ya chuma ambayo kamba ndefu imeviringishwa juu yake. Ngoma ikizunguka, kamba huvutwa, na kilichofungwa mwisho wa kamba huja. Mabaharia wa pwani wamekuwa na chombo cha namna hiyo tangu zamani, wakakiita duara. Tofauti ni kwamba duara lao lilizungushwa kwa mikono, na winchi ya motokaa huzungushwa kwa mtambo.

Kwa kawaida winchi hufungwa mbele ya motokaa, kwenye fremu yenyewe. Motokaa ikikwama, kamba hunyoshwa mpaka kwenye mti au kitu kingine imara, hufungwa huko, kisha ngoma huzungushwa. Mti hauji, basi motokaa ndiyo inayojivuta mpaka mahali pakavu. Aidha winchi huweza kuivuta motokaa ya mtu mwingine, mradi ile inayovuta imezuiliwa vema isiteleze.

Katika vita ya 1939 hata 1945, baadhi ya malori ya GMC ya tani mbili na nusu ya jeshi la Marekani yalikuwa na winchi mbele, iliyozungushwa na mtaimbo wa chuma utokao kwenye giaboksi. Winchi za namna hiyo zilikuwa na nguvu, lakini zilikuwa nzito, na motokaa ndogo haikuzipenda. Baadaye, mwaka 1959, kampuni ya Warn ya Marekani ilianza kuuza winchi ya umeme kwa motokaa ndogo za safari za porini. Nguvu ya maji na mafuta yaliyoshinikizwa nayo ina historia ndefu zaidi. Mwingereza Joseph Bramah alipata hati ya shinikizo lake mwaka 1795, na mwaka 1846 William Armstrong alisimamisha mtambo wa kuinulia mizigo kwa nguvu ya maji katika gati la Newcastle. Winchi za umeme na za haidroliki ndizo tutakazozipima leo.

2. NGUVU HUTOKA WAPI?

Watu wengi huuliza, "Winchi ipi ina nguvu zaidi?" Swali hilo ni jema, lakini si la kwanza. Winchi za namna zote mbili hutengenezwa za kuvuta tani nne, tano, na zaidi. Swali la kwanza ni hili: nguvu zake hutoka wapi?

Winchi ya umeme huteka nguvu mtungini, na winchi ya haidroliki huteka chemchemini. Mtungi ni betri. Chemchemi ni injini. Mtungi una maji hata siku ambayo chemchemi imekauka, lakini maji yake huisha upesi. Chemchemi haiishi, lakini siku ikikauka hupati hata tone la kulowesha ulimi. Msomaji akilishika neno hili moja, ameshika nusu ya somo.

3. WINCHI YA UMEME

Winchi hii ina mota ya umeme. Mota huzungusha magurudumu madogo yenye meno, nayo huizungusha ngoma polepole kwa nguvu nyingi. Umeme hutoka katika betri ya motokaa, kwa waya mbili nene za shaba. Kwa motokaa nyingi ndogo, umeme huo ni wa volti 12.

Faida zake ni nyingi. Kwanza, bei yake kwa kawaida ni nafuu. Pili, fundi wa kawaida aweza kuifunga kwa siku moja, kwa sababu kazi kubwa ni kufunga bamba imara na kuvuta waya mbili. Tatu, kamba ikiwa haina mzigo, ngoma huzunguka upesi, na kazi ndogo huisha upesi. Nne, nayo ni kubwa kuliko zote, winchi hii huvuta hata injini ikiwa imezimika, maadamu betri ina nguvu.

Sasa tutazame upande wa pili. Winchi ya kuvuta ratili 10,000, yaani kilo 4,536, ikivuta karibu na mwisho wa nguvu zake huweza kula umeme wa ampea 400. Taa moja kubwa ya mbele ya motokaa, ile ya kawaida ya wati 55, hula chini ya ampea 5. Basi winchi hiyo hula umeme kama taa zaidi ya themanini zilizowashwa pamoja! Betri ya ampea 100 kwa saa, kwa hesabu ya ubaoni, ingeweza kuilisha kwa dakika 15. Lakini kwa kweli hushindwa mapema zaidi, kwani betri inayonyonywa kwa nguvu namna hiyo hulegea upesi. Altaneta ya motokaa nayo hurudisha sehemu ndogo tu ya umeme huo. Ndiyo maana injini ikiwa nzima yafaa iachwe ikinguruma wakati wote wa kuvuta.

Tena kuna habari ya joto. Mota ya winchi ya umeme haikuumbwa kufanya kazi mfululizo. Ikivuta mzigo mzito kwa dakika moja hivi, yapaswa kupumzishwa kwa dakika kadhaa. Dereva mwangalifu huigusa mota kwa mkono. Akiona hawezi kuuweka mkono juu yake, huacha kuvuta. Asiyeacha huunguza nyuzi za shaba zilizo ndani.

Haya nimeyaona kwa macho yangu. Mwaka mmoja wakati wa masika nilisafiri kwa kazi ya ukarani katika motokaa iliyokuwa na winchi ya umeme. Kwenye mlima wa udongo mwekundu tulikuta malori mawili yamekwama. Dereva wetu alikuwa mtu wa huruma, akayavuta yote mawili, moja baada ya jingine, bila kupumzika. Lori la pili lilipotoka, winchi ilinuka kama kitambaa kinachoungua. Wenye malori walitushukuru sana, wakaenda zao. Sisi tulipotaka kuiwasha motokaa yetu, injini ilisema "tik," ikanyamaza. Tulikuwa tumewagawia wengine mtungi wote, na sisi tulilala mlimani na kiu.

4. WINCHI YA HAIDROLIKI

Neno hili haidroliki lisimtishe mtu. Kila aliyemwona fundi akiinua lori kwa jeki ya mafuta ameiona haidroliki. Fundi husukuma mti mdogo kwa mkono mmoja, na lori lenye tani nyingi huinuka. Siri yake ni kwamba mafuta yaliyofungwa ndani ya chombo hayakubali kubanwa yakawa madogo. Yakisukumwa mahali pamoja, husukuma kila mahali kwa kipimo kile kile. Ukisukuma kwa kilo 10 mahali penye upana wa sentimeta moja ya mraba, basi mahali penye upana wa sentimeta kumi za mraba nguvu huwa kilo 100. Lakini hakuna cha bure: upande mpana huinuka sehemu moja ya kumi tu ya mwendo ule wa upande mwembamba.

Katika winchi ya haidroliki, pampu izungushwayo na injini husukuma mafuta kwa nguvu kupita katika mipira minene, mpaka kwenye mota ya mafuta iliyo kando ya ngoma. Mafuta huizungusha mota, kisha hurudi kwenye tangi lake. Pampu hiyo ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni pampu ya usukani, ile ambayo tayari imo katika motokaa nyingi kwa ajili ya kuufanya usukani uwe mwepesi. Namna ya pili ni pampu ya peke yake, kubwa zaidi, inayozungushwa na giaboksi au mkanda wa injini. Malori ya kuvutia magari mabovu hutumia namna hii ya pili.

Faida ya kwanza ya winchi hii ni uvumilivu. Maadamu injini inanguruma, yaweza kuvuta kwa muda mrefu bila kuimaliza betri. Faida ya pili ni kwamba mota yake imefungwa pande zote na kujaa mafuta. Maji na tope haviipati kwa urahisi kama vinavyoipata mota ya umeme na swichi zake. Faida ya tatu ni kwamba nguvu yake haibadiliki sana. Mvuto wa mwisho ni kama mvuto wa kwanza.

Hasara zake nazo ni hizi. Bei ya kuifunga kwa kawaida ni kubwa, kwani yataka mipira, vali, na fundi anayejua kazi. Ile inayotumia pampu ya usukani huvuta polepole sana, na mafuta yake hupata moto katika kazi ndefu. Mpira ukipasuka na mafuta yakamwagika, si winchi tu itakayokufa, bali na usukani utakuwa mzito. Motokaa nyingi za siku hizi zina usukani unaosaidiwa na umeme, wala hazina pampu ya mafuta. Hizo haziwezi kupewa winchi ya namna hiyo bila pampu ya peke yake. Lakini hasara iliyo kubwa kuliko zote ni ile niliyokwisha kuitaja: injini ikifa, winchi nayo imekufa.

Naomba wasomaji wanivumilie nieleze jambo lililonipata. Nilikuwa nimetumwa kufuatana na motokaa ya kupeleka chanjo za watoto vijijini, katika nchi ya mbuga, ambako udongo mweusi hunata kama gundi mvua inyeshapo. Kazi yangu ilikuwa kuandika daftari. Chanjo zilikuwa katika sanduku lenye barafu. Tulifika kwenye korongo. Maji yalionekana haba, dereva akaingia. Katikati mwendo ulikatika, maji yakapanda, injini ikanywa maji, ikazima. Mbele yetu palikuwa na mkwaju mkubwa, hatua thelathini tu, na winchi yetu ilikuwa mpya. Lakini ilikuwa ya haidroliki.

Mzee mmoja alikuja na mifugo yake, akatutazama kwa muda, akaniuliza, "Bwana karani, kamba mnayo, mtambo mnao, na mti ule pale. Kilichopungua ni nini?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, mtambo huu hula nguvu za injini, na injini imezimika."

Akatikisa kichwa, akasema, "Basi mmefungia ufunguo ndani ya nyumba."

Mzee yule alituma vijana kijijini, wakaja na jozi nne za maksai wa plau, wakatutoa. Lakini jua lilikuwa limekwisha kugeuka, na barafu ilikuwa imekuwa maji. Akina mama walikuwa wamengoja na watoto wao tangu asubuhi. Mwuguzi alilifungua sanduku, akasoma kipimajoto, akalifunga tena bila kusema neno. Kazi iliyobaki ilikuwa yangu: kuandika katika daftari kwamba chanjo zote za siku ile zimeharibika. Tangu siku hiyo sijaiona winchi kama pambo la mbele ya motokaa.

5. KUPIMA NGUVU INAYOTAKIWA

Kanuni ya kwanza itumiwayo na mafundi ni hii: chukua uzito wote wa motokaa, pamoja na watu na mzigo, uzidishe kwa moja na nusu. Motokaa ya kilo 3,000 yataka winchi ya kilo 4,500; basi ile ya ratili 10,000 yafaa.

Kanuni ya pili ni ya tope lenyewe, nayo hutumiwa na mafundi wa jeshi. Motokaa ikizama kwa kina cha magurudumu, nguvu ya kuitoa ni kama uzito wake. Ikizama hata kwenye madigadi, ni mara mbili ya uzito wake. Ikizama hata kwenye chumba cha dereva, ni mara tatu. Basi ile motokaa ya kilo 3,000 iliyozama hata kwenye madigadi yataka mvuto wa kilo 6,000, na winchi yetu ya kilo 4,536 haitoshi! Je, tununue kubwa zaidi? La. Tutumie kapi.

Mabaharia wanajua jambo hili bila kusoma kitabu. Hawatweki foromali nzito bila makapi. Kapi hufungwa kwenye mti. Kamba hutoka kwenye winchi, hupita katika kapi, na ncha yake hurudi kufungwa kwenye motokaa. Sasa kamba mbili zavuta badala ya moja, na nguvu huwa karibu mara mbili, ingawa mwendo hupungua kuwa nusu. Winchi ya kilo 4,536 huvuta karibu kilo 9,000. Kapi moja imara ni bei ndogo sana kuliko winchi kubwa, tena huipunguzia mota taabu na betri njaa. Kwa hiyo kamati inunuayo winchi bila kapi imenunua nusu ya chombo.

Jambo la tatu ambalo wauzaji hawalisemi sana: nguvu iliyoandikwa juu ya winchi ni ya tabaka la kwanza la kamba, lile linalogusa chuma cha ngoma. Kila tabaka likiongezeka, nguvu hupungua kwa sehemu kama ya kumi au zaidi. Kwa hiyo usifunge kamba fupi kwenye mti wa karibu na kuacha kamba nyingi juu ya ngoma. Tafuta mti wa mbali, au tumia kapi, ili kamba itoke kwa wingi. Lakini mizunguko ya mwisho isitolewe: kwa kamba ya chuma ibaki isiyopungua mitano, na kwa kamba laini ya nyuzi za viwandani ibaki minane hata kumi.

Jambo la nne: jembe na koleo ni ndugu za winchi. Kabla ya kuvuta, chimba mbele ya magurudumu uondoe tope. Na kama ni katika mbuga isiyo na mti, chimba shimo refu, lizike gurudumu la akiba likiwa limesimama wima, kamba ikitoka katikati yake kupitia mfereji mwembamba. Gurudumu hilo ndilo litakuwa mti wako.

6. NAMNA YA KUCHAGUA

Baraza likikaa, na lijiulize maswali manne.

La kwanza: Je, twakwama mara ngapi, na kwa muda gani? Motokaa ya zahanati au ya shule ikwamayo mara chache, na kutoka kwa mvuto wa dakika chache, yatoshewa na winchi ya umeme. Lori au trekta ambalo kazi yake ni kuvuta wengine kutwa kucha lataka haidroliki, tena yenye pampu yake yenyewe.

La pili: Je, injini yetu ina hatari ya kuzimika tukwamapo? Njia ikikata makorongo na mito, umeme una faida, kwa kuwa huvuta hata baada ya injini kuzima. Mwenye haidroliki katika nchi ya namna hiyo na aweke bomba la kuvutia hewa lililopanda hata juu ya paa, na asiingie majini kabla mtu hajatangulia kwa miguu na fimbo ya kupimia. Maji yakienda kasi, asiingie kabisa.

La tatu: Je, ni fundi gani aliye karibu? Fundi wa betri na waya hupatikana katika miji midogo mingi. Fundi wa mipira ya haidroliki na vali zake huenda akawa mwendo wa siku mbili. Chombo kizuri kisicho na fundi ni mzigo.

La nne: Je, motokaa yetu ina nini tayari? Kama haina pampu ya usukani, haidroliki itakuwa ghali. Kama betri yake ni ndogo na kuukuu, winchi ya umeme haitakuwa na maana mpaka betri njema inunuliwe, na ikiwezekana betri ya pili, ili ile ya kuwashia injini isiguswe.

Kwa maoni yangu, vijiji vingi vyenye motokaa moja ya kazi za watu wote vitafaidiwa zaidi na winchi ya umeme ya nguvu ya kadiri, betri njema, na kapi moja. Sisemi haya kwa sababu haidroliki ni mbaya. Kwa kazi ya mfululizo haina mpinzani. Nasema hivi kwa sababu motokaa ya zahanati haihitaji kuvuta kutwa. Yahitaji kuvuta mara moja, katika saa mbaya kuliko zote. Na kama fedha hazitoshi kwa yoyote, winchi ya mkono yenye mti wa kusukumia huvuta polepole na kuchosha mikono, lakini haitaki betri wala injini.

7. HATARI, NA WAJIBU WA WAKUBWA

Wahenga walisema, "Kamba hukatikia pembamba." Kamba ya chuma iliyovutwa kwa tani kadhaa ikikatika hurudi kama mjeledi, na yaweza kuua. Kwa hiyo:

(a) Atumiaye kamba ya chuma avae glavu za ngozi, kwani nyuzi zilizokatika huchoma kama sindano.
(b) Kitu kizito kama blanketi au gunia kitundikwe katikati ya kamba, ili ikikatika ianguke chini.
(c) Mtu asiivuke kamba iliyokazwa, wala asiongoze kamba kwa mkono karibu na ngoma.
(d) Mti ufungwe kwa mkanda mpana, usifungwe kwa kamba ya chuma yenyewe, ambayo hukata gome na kujikata.
(e) Mtu mmoja tu atoe amri, wengine wanyamaze.

Kamba laini ya nyuzi za viwandani hairudi kwa ukali kama chuma, nayo ni nyepesi. Lakini jua, mchanga na joto huiharibu, basi ikaguliwe mara kwa mara.

Winchi ya haidroliki ina hatari moja ya siri. Mpira ukitoboka tundu dogo kama la sindano, mafuta hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Usilitafute tundu kwa mkono. Tumia kipande cha karatasi ngumu, tena injini ikiwa imezimwa usifungue kitu mpaka msukumo umeachiliwa. Aliyepenywa na mafuta aende hospitali mara moja, hata kama jeraha ni dogo na haliumi, kwani madhara yake huja baadaye.

Hapa nawaomba walimu na wazee wa vijiji neno moja. Motokaa ikikwama, watoto wote hukusanyika kutazama, na dereva mwenye haraka hawaoni. Ninyi ndio mnaosikilizwa. Waondoeni watoto mbali zaidi kuliko urefu wa kamba yote kabla ngoma haijazunguka hata mara moja.

8. UTUNZAJI

Winchi hukaa miezi mingi bila kazi, na uvivu huo ndio huiua. Kila mwezi kamba itolewe, ifutwe, izungushwe tena kwa mkazo mdogo. Kwa winchi ya umeme, vichwa vya betri visafishwe na waya zikazwe. Kwa winchi ya haidroliki, kipimo cha mafuta kitazamwe na mipira ikaguliwe kama ina nyufa. Mwenye kazi hii atajwe kwa jina katika kitabu cha kamati, maana kazi ya wote huwa si kazi ya mtu.

MASWALI KWA DARASA

1. Motokaa ya zahanati ina uzito wa kilo 2,800 pamoja na mzigo. Yataka winchi ya nguvu gani?
2. Motokaa hiyo imezama hata kwenye madigadi. Yataka mvuto wa kilo ngapi? Winchi uliyoichagua yatosha peke yake? Ikitumiwa na kapi je?
3. Kwa nini winchi ya umeme yaweza kuvuta injini ikiwa imezimika, na ya haidroliki haiwezi?
4. Eleza namna ya kujivuta katika mbuga isiyo na mti.

Majibu ya hesabu: (1) kilo 4,200. (2) kilo 5,600. Peke yake haitoshi. Kwa kapi huvuta karibu kilo 8,400, nayo yatosha. Maswali mengine mawili kila mtu na ayajibu kwa maneno yake mwenyewe, na akiweza, ayajibu mbele ya baraza kabla ya masika yajayo.